Mercedes ya Marehemu na Njia ya Mahurunga



Kuna gari moja ambayo baadhi yenu mmeipanda siku ya harusi zenu, na wengine mmeifuata nyuma mkipiga vigelegele, bila ya kujua ni ya nani. Ni Mercedes nyeusi ya zamani, ya lile umbo la pembepembe lililokuwa likiundwa Ujerumani miaka ya themanini, viti vya ngozi, kioo cha nyuma kimetiwa pazia. Kwa miaka mingi ilikuwa ikichukua mabibi harusi kutoka saluni hadi ukumbini, na mwenyewe hakuwa akimtoza mtu wa mtaani kwake hata senti. Mwenyewe ameshatangulia mbele ya haki, Allah amrehemu. Mjane wake alipotoka eda alitujia na shauri. Anataka ile gari itolewe sadaka kwa ajili ya mumewe, ivushwe bahari, ipelekwe Mahurunga huko Mtwara, alikozaliwa mama yake, ikachukue wajawazito na wagonjwa.

Tuliitikia amin hata chai haijapoa. Ndipo mmoja wetu, mwenye tabia ya kuuliza maswali ya kukera, akasema: "Itafika? Na ikifika, nani ataitia mafuta?"

Maswali yale mawili yalitukalisha wiki kadhaa. Tulirudi kwenye sira, kwenye fiqhi, kwenye historia ya visiwa vyetu na ya ule mpaka wa Ruvuma, kutafuta waliotutangulia walifanyaje walipotaka kutoa kipando kwa ajili ya Allah. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza, kwa msiofika huko. Mahurunga ni kata ya Wilaya ya Mtwara, kusini kabisa mwa Tanzania, kwenye bonde la Mto Ruvuma karibu na pale mto unapomwaga maji yake baharini. Ukifika Kilambo umefika mwisho wa nchi. Mbele yako ni mto, na ng'ambo ni Msumbiji. Wenyeji wanalima mpunga bondeni, wana minazi na mikorosho, wanavua. Sehemu ya pwani hiyo tangu mwaka 2000 imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Mvua zao ni za msimu mmoja mrefu, zinaanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi mwezi wa nne, na zikishika kweli mto unatanuka na kuingia mashambani. Si watu wageni kwetu. Nenda mashamba ya Unguja uulize asili za watu. Utawapata wengi ambao babu zao walivuka kutoka upande ule kuja kulima na kuchuma karafuu, wakazaa, wakazikwa hapa. Mama wa huyu dada yetu ni mmoja wa waliokuja baadaye, kwa ndoa.

Sasa tuanze na farasi wa Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake.

Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim na wengi tumekisikia madrasa tukiwa wadogo, ila tulikisikia kwa ajili ya mwisho wake tu. Umar alikuwa na farasi mzuri. Akamtoa kwa ajili ya Allah, akampa mtu ampande katika jihadi. Yule aliyepewa hakumtunza, farasi akadhoofu. Umar akasikia anauzwa, akaona pengine atampata kwa bei ndogo, akatamani kumnunua. Alipomuuliza Mtume (S.A.W.), akakatazwa: asimnunue hata kama atauziwa kwa dirham moja, kwani mwenye kuirudia sadaka yake amefananishwa na mbwa anayerudia matapishi yake. Hapo ndipo mwalimu wetu alipokuwa akifunga kitabu, nasi tukitoka tukicheka habari ya mbwa.

Lakini tazameni katikati ya kisa. Farasi wa Umar, mmoja wa masahaba wakubwa, aliyetolewa kwa nia safi kabisa, aliharibika mikononi mwa aliyepewa. Kosa halikuwa la nia wala la farasi. Aliyempokea pengine hakuwa na malisho, au hakujua kumtunza, hatujui. Kilichobaki ni kwamba mnyama aliyekuwa na faida kwa Umar alikuwa mzigo kwa mwingine. Na Umar hakupata tena nafasi ya kurekebisha, mlango ulikuwa umeshafungwa. Dada zetu, hili si dogo kwa mtu anayetaka kutoa gari yenye umri wa zaidi ya miaka thelathini, ambayo spea zake hata hapa mjini huagizwa.

Ndiyo maana, tunadhani, Uislamu haukuishia kwenye sadaka ya mkono kwa mkono. Umar huyohuyo alipopata ardhi Khaybar na kuja kutaka ushauri, alielekezwa aizuie asili yake na atoe matunda yake: ardhi isiuzwe, isirithiwe, isitolewe zawadi, na mazao yaende kwa mafakiri, jamaa, wasafiri na wageni. Huo ndio mzizi wa wakfu kama tunavyoujua pwani hii. Na je, kitu kinachohamishika, kama mnyama au chombo, kinaweza kuwekwa wakfu? Wapo wanazuoni waliokuwa wazito katika hilo, wakaona wakfu ni wa ardhi na majengo. Sisi wa madhehebu ya Imamu Shafi tumelipata jambo hili likiwa jepesi zaidi, na miongoni mwa hoja zake ni habari ya Khalid bin Walid, ambaye Mtume (S.A.W.) alieleza kuwa deraya na zana zake za vita ameshazifunga kwa ajili ya Allah. Basi kama deraya inawezekana, na gari inawezekana.

Inawezekana kwa sharti lake. Kitu cha wakfu ni lazima kitoe faida huku chenyewe kikibaki, na ni lazima ijulikane gharama za kukitunza zinatoka wapi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye Minhaji yake imesomeshwa darasani kwetu vizazi kwa vizazi, ameshughulika hata na mikeka ya msikiti iliyochakaa na boriti zilizovunjika zisizofaa ila kuwa kuni. Kauli aliyoiona sahihi zaidi ni kuwa hivyo vinaweza kuuzwa. Tulipofika hapo tulicheka kidogo, kwa sababu tuliyemfikiria sote ni ile Mercedes. Wanazuoni wa karne ya 13 walijua kwamba kila kilichotengenezwa na mkono wa binadamu kina siku yake ya kuchoka, na hawakuona aibu kukizungumza mapema. Wazee wetu wa pwani nao waliweka wakfu minazi, mashamba, nyumba za kupangisha, visima, misahafu. Vitu vyenye kuzaa au vyenye kudumu. Mnazi unajilisha wenyewe kwa mvua ya Allah na nazi zake zinanunua mafuta ya taa ya msikiti. Gari haizai. Inakula.

Kuna wanawake katika historia hii, tusiwapite. Bibi Zaynab bint Jahsh, mke wa Mtume (S.A.W.), alikuwa fundi wa ngozi, akizisindika kwa mikono yake, akiuza, na anachopata anatoa. Yeye ndiye wanaosema wanazuoni kuwa alikusudiwa pale Mtume alipowaambia wake zake kuwa wa mwanzo kumfuata ni mwenye mkono mrefu kuliko wote. Wakaanza kupimana mikono, maskini, hadi Zaynab alipofariki wa mwanzo ndipo wakafahamu kuwa urefu ule ulikuwa wa kutoa. Na yuko Zubayda, mke wa Harun ar-Rashid, aliyefariki mwaka 831. Huyu alikuwa na kila aina ya fahari ambayo mwanamke wa zama zake angeweza kuwa nayo. Angeweza kugawa ngamia na machela za hariri kwa mahujaji, na watu wangemsifu msimu mmoja. Alichofanya ni kuitengeneza njia yenyewe. Kutoka Kufa hadi Makka, zaidi ya kilomita 1,000 za jangwa, alijenga vituo, akachimba visima na mabwawa, na akafikisha maji Makka kwa mfereji uliobeba jina lake kwa karne nyingi. Aliyekuwa na ngamia dhaifu na asiye na ngamia kabisa wote walikunywa.

Tukirudi nyumbani, Unguja tuna mfano wa mambo yote mawili kutoka kwa mtu mmoja. Sayyid Barghash bin Said alitawala kuanzia 1870 hadi 1888. Kimbunga cha 1872 kiliharibu merikebu zake, naye baadaye akaagiza iliyoundwa Uskoti mwaka 1878, ikaitwa Glasgow, kwa kufuata manowari ya Kiingereza ya jina hilo iliyompendeza. Ilikuwa na vyumba vya fahari. Ilipofika haikumvutia kama alivyotarajia, ikatia nanga mbele ya kasri na zaidi ya hapo haikuwa na kazi kubwa. Miaka ikapita, mwenyewe akafa, chombo kipo palepale. Tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vile vya chini ya saa moja, ilizamishwa na mizinga ya Waingereza, na milingoti yake ikabaki imechomoza juu ya maji kwa miaka hadi walipokuja kuikatakata mwaka 1912. Wakati huohuo Barghash huyohuyo alikuwa amevuta maji safi kwa mabomba kutoka chemchemi za nje ya mji hadi Mji Mkongwe, na watu wakateka bure. Ni vigumu kwetu leo kufahamu maana yake, sisi wa kufungua mfereji jikoni, lakini fikirieni mji uliokuwa ukipigwa na kipindupindu kila baada ya miaka. Hatumfanyi Barghash walii, maana historia ya utawala wake ina mambo yake mazito na wengine wetu tunatokana na waliouzwa zama hizo. Tunasema tu kwamba katika vitu vyake viwili, kimoja kililala na kimoja kilikwenda kwa watu.

Gari za fahari nazo zina historia yao Afrika Mashariki, na si yote ya kuonea fahari. Baada ya uhuru Mercedes iliingia katika lugha: wakubwa waliojaza matumbo wakaitwa Wabenzi, na jina hilo lilikuwa la kejeli Tanganyika, Kenya na Uganda. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilitaka viongozi waachane na ukubwa wa namna hiyo. Rolls-Royce iliyowatumikia wakoloni na kisha Mwalimu Nyerere sasa imepumzika Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, nasi tunaona hapo ni mahali pazuri kabisa pa gari ya aina ile kustaafia. Kisha ikaja miaka ya themanini, biashara ikafunguliwa, gari zilizotumika zikaanza kumiminika kutoka Japani na Dubai, na Mercedes kuukuu zikashuka kutoka kwa mawaziri hadi kwa wafanyabiashara, na kutoka kwao hadi kwenye harusi zetu. Na hili nalo ni jipya kuliko tunavyodhani! Mila ya pwani ilikuwa bwana harusi ndiye anayekwenda, akaingizwa ndani kwa bibi harusi, na fungate ikakaliwa huko. Mwali hakuwa na haja ya gari. Kumzungusha bibi harusi mjini na honi zikilia ni mambo ya bibi zetu kushangaa.

Hayo ni ya kisiwani. Swali la njia lilitaka tuuangalie mto.

Historia ya Ruvuma katika karne iliyopita ni historia ya vyombo vinavyofika ukingoni na kukwama, na watu, hasa wanawake, wanaobeba kilichobaki. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza Septemba 1964, Mtwara ilikuwa mlango. Mjini Mtwara Frelimo walikuwa na hospitali yao, iliyopewa jina la Américo Boavida, daktari wa Angola aliyeuawa mwaka 1968. Marafiki wa ukombozi duniani walichanga dawa, nguo, vyakula na gari za kwenda porini, na vyote vilishuka kusini kupitia upande wetu. Mtoni gari inasimama. Kuanzia hapo mzigo ulikuwa wa kichwa. Kikosi cha Wanawake cha Frelimo, kilichoundwa mwaka 1967, kilibeba risasi, dawa na chakula kwa siku nyingi za mwendo, na majeruhi walirudishwa kwa machela begani. Tunayataja haya kwa sababu katika picha za zama zile zinazohifadhiwa kinachoonekana sana ni wanaume na bunduki, na pengine Land Rover nyuma yao. Waliolikamilisha lile zawadi la gari, kwa kulibeba lilikokuwa haliwezi kufika, ni dada zetu wenye kanga.

Siku hizi Kilambo kuna kivuko, MV Kilambo, na gari zinavushwa. Lakini kati ya njia kuu na nyumba ya mtu ni jambo jingine. Tuliwapigia simu jamaa wa dada yetu na shangazi mmoja akatueleza bila kupamba. Kiangazi mchanga, masika tope. Zinazopita mwaka mzima ni bodaboda, Land Cruiser ile ya mkonga, na miguu. "Hiyo ya bibi harusi mwanangu tumbo lake liko chini," alisema, "itakaa hapa kuku watalalia mayai." Tena akaongeza kwa upole, maana aliogopa ametuvunja moyo, kwamba nia imefika na dua wameomba.

Kuna na mambo ya makaratasi, ambayo sisi wanawake huwa tunaachiwa baadaye. Gari ya Zanzibar kuhamia Bara ina hesabu zake za kodi, na suala hilo limekaa kwa miaka katika orodha ya kero za Muungano. Weka juu yake nauli ya meli, dereva, kubadilisha kadi, bima. Tulipopiga hesabu kwenye karatasi, gharama za kuifikisha zilikuwa zinakaribia bei ya kuiuza. Wenzetu wa Marekani wameyapitia haya kwa ukubwa zaidi. Huko ni kawaida mtu kutoa gari kuukuu kwa taasisi ya kheri na kupunguziwa kodi, na taasisi nyingi haziziendeshi gari hizo hata siku moja, zinazipeleka mnadani. Ilibainika kwamba watoaji walikuwa wakiandika thamani kubwa huku kinachowafikia wenye shida mara nyingi ni sehemu ndogo mno, hadi sheria ikabadilishwa mwaka 2004: kwa kawaida mtoaji sasa ahesabiwe kile gari ilichouzwa kweli. Wasiokuwa Waislamu, lakini wamefika palepale pa aya ya 267 ya Suratul Baqara, inayotukataza kukusudia kilicho duni tukakitoa hali sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Imepokewa kuwa ilihusu watu waliokuwa wakitundika msikitini mikungu ya tende mbovu kwa ajili ya mafakiri.

Hapa dada yetu alilia. Kwake ile gari si mbovu, ni kitu cha thamani kuliko vyote alivyoachiwa, na alikuwa akiifikiria ile aya nyingine, ya 92 katika Aali Imran, ya kutoa kile unachokipenda. Abu Talha alipoisikia alitoa Bayruha, bustani yake aliyoipenda kuliko mali yake yote, iliyokuwa ikielekea msikiti. Na yeye anaipenda Mercedes. Tulikaa kimya. Ni kweli kwamba kitu kimoja kinaweza kuwa Bayruha kwa anayetoa na kikawa mkungu wa tende mbovu kwa anayepokea, na hakuna wa kulaumiwa. Tofauti ni kwamba bustani ya Abu Talha iliwafaa waliopewa.

Basi wajawazito wa Mahurunga wanahitaji nini? Mwaka 1994 watafiti wawili, Thaddeus na Maine, waliandika kuwa mama anakufa kwa kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Huko kuchelewa kwa pili ndiko kulikoanzisha Tanzania mpango wa m-mama, uliojaribiwa kwanza Kanda ya Ziwa, ukazinduliwa kitaifa mwaka 2022 na kufika hadi visiwani. Ukipiga 115, bure, anayepokea anapima hali. Kama gari ya wagonjwa iko karibu inatumwa, kama haipo anaitwa dereva wa hapohapo kijijini aliyekwisha kukubaliwa na kuandikishwa, anamchukua mama na analipwa kwa simu akimfikisha. Tunaupenda mpango huu kwa sababu unafanya alichofanya Zubayda: haukuleta kipando kipya kila kijiji, umeangalia vipando vilivyopo na kuvilipia njia. Uchunguzi wa afya wa taifa wa 2015 hadi 2016 ulipata vifo 556 vya kina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulipata 104. Sababu za kushuka huko ni nyingi, na 104 bado ni mama 104.

Shangazi tulipomuuliza alitaja kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu angekifikiria. Mama anayeambiwa kliniki kuwa mimba yake ni ya hatari na atajifungulia Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Mtwara, anatakiwa aende mapema, kabla ya njia kuharibika, asubiri karibu na hospitali. Asubiri kwa nani? Ale nini? Wengine wanabaki nyumbani kwa kukosa fedha za wiki mbili tatu mjini. Na akishajifungua kuna kurudi na kichanga, na bodaboda kwa mshono wa upasuaji haipandiki.

Lilibaki suala la mwisho, na lilitakiwa liwe la kwanza. Gari ile ilikuwa ya nani? Ya marehemu, na tangu alipokata roho ni ya warithi wake, baada ya gharama za maziko, madeni, na wasia kama upo usiozidi thuluthi. Mke mwenye watoto anarithi thumuni. Dada yetu ana watoto wanne, wawili bado wanasoma skuli. Hakuwa na haki ya kutoa gari nzima, na hata hao watoto wawili wangesema kwa kauli moja kuwa wameridhia, idhini ya mtoto haihesabiki na mlezi hana ruhusa ya kuitoa sadaka mali ya yatima. Tunaliandika hili wazi kwa sababu tumeshaona matanga mangapi ambapo nguo, simu na gari za marehemu zinagawiwa ndani ya wiki kwa jina la sadaka, na yatima wamekaa pembeni wanatazama. Saad bin Ubada mama yake alipofariki naye hayupo, alimuuliza Mtume (S.A.W.) kama itamfaa akimtolea sadaka, akaambiwa ndiyo, akatoa bustani yake ya Mikhraf. Yake yeye Saad.

Warithi wakubwa walikaa na sheikh wa mtaa, hesabu ikafanywa, gari ikauzwa kwa bwana mmoja anayekodisha gari za harusi. Fungu la watoto wadogo limewekwa benki kwa majina yao. Mama na wale wakubwa wawili wakatoa mafungu yao kwa jina la marehemu, na fedha zikaenda Mahurunga, zimeshikwa na kina mama watatu waliochaguliwa na wenzao, kwa ajili ya nauli na chakula cha wanaokwenda kusubiri Ligula. Zitakwisha, tunajua. Shangazi ameomba daftari la risiti na tumempelekea, pamoja na mabibo ya doti za kanga ambazo wasomaji wetu wawili walichangia baada ya kusikia.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na dada yetu Darajani, Mercedes ikapita na maua juu ya boneti, bibi harusi ndani amejifunika. Mmoja wetu akamtania kuwa akipata fedha ataikomboa. Akatikisa kichwa. Alikuwa anaangalia taa ya nyuma ya kushoto. Alisema marehemu alikuwa akisema ataitengeneza tangu Ramadhani ya mwaka juzi, na huyu bwana mpya naye bado.